Jioni za "Usiue": mapitio ya semina ya Kwaresima hapa Arusha, kutoka kwa dereva wa Coaster

Niseme mapema inahusu nini, ili asiyependa mambo ya kanisa asipoteze bando lake. Kuna parokia moja ya Kikatoliki hapa Arusha mjini, ukishuka Kilombero unaunga kifodi, daladala ndogo za mjini, mara moja tu, ambayo Kwaresima iliyopita ilitoa semina ya jioni juu ya amri moja pekee: Usiue. Ilikuwa kila Jumatano, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja usiku, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Kiingilio hakuna. Kijitabu ni Sh 2,000, chai ya maziwa na andazi ni juu yao. Wafundishaji ni wawili: padre aliyesomea maadili, na katekista mama mtu mzima ambaye ukumbi mzima unamwita Mwalimu.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, mke wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Anayeijua Kilimanjaro hapo hahitaji maelezo zaidi; asiyeijua, Machame ni kwa Walutheri na Kibosho ni kwa Wakatoliki. Naendesha Coaster, basi dogo la abiria, la Moshi–Arusha. Mama watoto aliniambia kuna jioni moja ya mambo ya barabara, nikaenda kwa ajili hiyo, nikajikuta nahudhuria zote.

Maoni yangu kwa ujumla: nendeni. Ni mafundisho yenye uzito na yameandaliwa na watu waliosoma na wanaoujua mji. Lakini hazikuwa jioni za kiwango kimoja, na nitaeleza kwa nini. Mahubiri mengi ya amri hii niliyokua nayo yanaishia kwa aliyeshika panga. Semina hii ilinigusa kila ilipouliza nani yuko nyuma ya aliyeshika panga, na ilipwaya kila ilipoacha kuuliza hivyo. Hicho ndicho kipimo nilichotumia.

Walianza na Kutoka 20:13, neno moja, halafu wakaenda moja kwa moja Mathayo 5, pale Yesu anaposema kila amwoneaye ndugu yake hasira itampasa hukumu. Padre hakukaa sana kwenye hasira za nyumbani, ambazo kila mtu alizitegemea. Aliingia kwenye hasira ya umati. Hapa mjini tunaisoma kila mara kwenye taarifa: kijana ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Padre aliuliza hao wananchi wana majina au hawana, na kama kanisani wanakaa benchi la ngapi. Ukumbi ulitulia.

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama. Akasema pikipiki yake ni ya mkataba, kila jioni anapeleka hela kwa mwenye chombo, na mwizi akiiba hiyo pikipiki ameua familia nzima, kwa hiyo wakimkamata hawamwachi. Alisema kwa uchungu wala hakuna aliyemzomea. Mwalimu akamwomba afungue Kutoka 22 asome mwenyewe kwa sauti. Pale imeandikwa kwamba mwizi akipatikana usiku akivunja nyumba, akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limemchomozea, hatia ipo. Mwalimu akaeleza taratibu: usiku hujui huyu mtu ameshika nini, hujui kama amekuja kuiba au kukumaliza, unajitetea wewe na watoto wako. Mchana unamwona, umemkamata, yuko chini, mikono imefungwa kwa kamba ya manila. Hapo huna tena cha kujitetea nacho. Anayekwenda kutafuta tairi na petroli wakati mtu amefungwa, huyo anaua. Mafundisho ya Kanisa yanaruhusu kujitetea, hata kwa nguvu, ila kwa kiasi kinachohitajika kumzuia anayekushambulia. Kijana akauliza, "Na pikipiki yangu?" Mwalimu akamjibu, "Pikipiki yako ni haki yako, mwanangu, na polisi wakizembea una haki ya kulalamika hadi juu. Ila uhai wa mtu si malipo ya pikipiki." Sijui kama alikubali. Alikaa akaandika kitu kwenye simu.

Kilichonikamata zaidi jioni ile ni kifungu ambacho katika maisha yangu ya kwenda kanisani sijawahi kukisikia kikihubiriwa: Kumbukumbu la Torati 21. Maiti imekutwa porini, aliyeua hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali kutoka kwenye maiti hadi miji iliyo karibu. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake wanaleta mtamba, wanaosha mikono, wanasema mbele ya Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile wala macho yao hayakuiona. Padre akauliza: ikikutwa maiti ya kijana mtaroni kati ya mtaa wako na mtaa wa jirani, nani anapima? Balozi mmoja wa nyumba kumi, mzee wa makamo aliyevaa sweta la kijani, akajibu kutoka nyuma kwamba hapimi mtu, kila mmoja anasema alikuwa ndani amelala. Padre akasema Torati haikuruhusu mji mzima uwe umelala. Waliosimama kuangalia, waliorekodi video, waliofunga duka haraka wasiitwe ushahidi, wote wanatakiwa waende mtoni na wazee waseme macho yao hayakuona. Nani ataweza kusema?

Hapo ndipo nilipojua kwamba nitarudi Jumatano ijayo.

Jioni ya pili kwa ubora, na huenda ndiyo ya kwanza, ilihusu Rwanda. Wengi hawakutegemea. Sisi wa Arusha tuna historia nayo ya karibu: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapahapa, kwenye jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Tulikuwa tunapita pale na magari tunaona walinzi, hatukujua ndani kunasemwa nini. Padre, akiwa amevaa kanzu yake, akasema atazungumzia padre mwenzake. Athanase Seromba alikuwa padre wa parokia ya Nyange. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake. Likaletwa katapila. Dereva wa katapila akamuuliza Seromba kama kweli abomoe, na Seromba akasema ndiyo. Kanisa likaangushwa watu wakiwa ndani.

Mwaka 2006 mahakama ya hapa Arusha ilimpa Seromba miaka 15, ikisema alisaidia. Rufaa ilipokuja 2008, majaji wakasema hapana, huyu hakusaidia tu, huyu alitenda, kwa sababu neno lake kwa dereva lilikuwa sehemu ya kuua sawa na katapila lenyewe. Akapewa kifungo cha maisha.

Mimi ni dereva. Nilikaa na hiyo picha ya mtu aliyeko kwenye usukani anauliza "nibomoe?" na anayemwangalia kama baba yake wa kiroho anamwambia bomoa. Dereva yule hana pa kujificha, mikono ilikuwa yake. Lakini namshukuru yule padre wetu kwa kutuambia wazi, bila kulitetea Kanisa na bila kutafuta maneno laini, kwamba mbele za Mungu neno linaweza kuua kuliko chuma. Aliongeza kwamba Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Mwadventista, naye alihukumiwa na mahakama hiyohiyo mwaka 2003, ili kila dhehebu lililokuwepo ukumbini lisijione limepona. Nawapa alama zote kwa jioni hii. Kama mwaka ujao mnaweza kuhudhuria moja tu, ulizeni ni Jumatano ipi.

Sasa jioni ya barabara, ile iliyonileta. Hapa nina malalamiko.

Padre alisoma namba 2290 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yao. Inasema wanaohatarisha maisha yao na ya wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi, barabarani, majini au angani, wana hatia nzito. Sina ubishi nalo hata kidogo. Nimeyaona ya kutosha kati ya Kwa Sadala na Tengeru. Alikumbusha jinsi viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilivyokuwa vikiuzwa stendi kama maji kabla ya serikali kuvipiga marufuku Machi 1, 2017, na jinsi madereva walivyokuwa wanaweka viwili mfukoni mwa shati. Kweli tupu. Aliomba tusimame kuwakumbuka watoto 32, walimu wawili na dereva waliokufa kwa ajali ya basi la shule huko Karatu, Mei 6, 2017. Tulisimama. Wapo mle ndani waliokuwa na jirani aliyezika siku zile.

Baada ya hapo somo likawa ni dereva, dereva, dereva. Dereva asinywe, dereva asikimbize, dereva aogope Mungu. Amina. Lakini ile semina iliyotufundisha wiki iliyotangulia kumtafuta aliyetoa amri kwa mwenye katapila, leo imesahau kuuliza nani anatoa amri kwa mwenye Coaster.

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza hesabu, kwa sababu niliona wengi mle ndani ni abiria na hawajui. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, kiasi kilekile gari lijae lisijae, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu yetu. Kinachobaki ndiyo mshahara wangu na wa konda. Njia ya Moshi ina vibao vya 50 kila penye makazi, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, na gari la abiria halitakiwi kuvuka 80 popote. Ukitii vyote unapoteza tripu moja. Ukipoteza tripu moja, siku hiyo umemfanyia kazi bosi bure. Mwenye gari hajawahi kuniambia "kimbiza". Anasema tu, "Wenzako wanaleta." Na abiria? Abiria ndio hao wa kanisani. Ukienda 50 Kikatiti mtu anakupigia kelele kutoka siti ya nyuma, "Dereva, tumepanda gari au mkokoteni?" Akifika salama anashuka bila kuaga, na kesho anapanda ya yule anayekimbiza.

Nikauliza: mwenye gari na abiria nao hawana amri ya tano, hii ya Usiue?

Padre alisema ni swali zuri na muda umekwisha. Nilisikitika, nasema ukweli. Mwalimu ndiye aliyenifuata kwenye chai, kikombe mkononi, akaniambia jibu lipo ila limeandikwa mahali pengine, namba 2269, na kwamba jioni ya mikopo nitalikuta. Nilipolikuta nilielewa kwa nini anaitwa Mwalimu. Ila pendekezo langu kwa waandaaji ni kwamba namba hizo mbili zifundishwe jioni moja. Zikitenganishwa, dereva anaondoka na mzigo wote na mwenye gari anaondoka amebarikiwa.

Nilikuwa na swali la pili, na hili lilijibiwa vizuri sana, kwa hiyo naliandika kwa kirefu ili madereva wenzangu walisome. Kila dereva wa abiria Tanzania amefundishwa na waliomtangulia: ukigonga mtu, usisimame. Ukisimama watakuua wewe, watachoma gari na pengine abiria wako wataumia. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi. Mwenzangu mmoja alisimama kumwokota mtoto, akapona kwa sababu mama mmoja muuza ndizi alimfungia kwenye banda lake hadi difenda ya polisi ilipofika. Na mimi katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, tuliyoikariri kipaimara kule Machame, amri hii haikomi kwenye kutomdhuru jirani. Inadai pia nimsaidie katika kila shida ya mwili wake. Sasa jirani yangu yuko kwenye lami anavuja damu, na mimi nakanyaga mafuta naondoka. Nimeua mara ya pili?

Padre hakulikimbia. Alisema kuokoa maisha yako na ya abiria ulio nao mbele ya watu wenye mawe si dhambi, hakuna anayedaiwa ajitoe auawe na umati. Lakini akatofautisha mambo mawili. Kuondoka eneo la hatari ni jambo moja. Kuondoka na kunyamaza ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo la Kaini, anayeulizwa yuko wapi ndugu yako na anajibu kwani mimi ni mlinzi wake. Ukishatoka kwenye mawe, wajibu wako umeanza upya palepale: piga 112, mtume konda apige wakati wewe unaendesha, sema mahali kwa jina, sema majeruhi ni wangapi, fika kituo cha kwanza na si kituo unachokipenda, na kesho uulize hospitali gani amelazwa. Kisha akawageukia wasio madereva. Akawaambia kwamba ninyi mkiokota jiwe, mnamfukuza mtu pekee aliyekuwa na gari la kumfikisha majeruhi hospitali. Anayekufa kwa kuchelewa, amekufa kwa jiwe lenu pia. Nilitamani stendi nzima ya Moshi iwe pale.

Jioni ya mikopo nitaipitia kwa haraka ingawa ilijaza ukumbi hadi watu wakakaa madirishani. Kausha damu wote tunaijua: unakopa leo, rejesho la kila siku, riba inazaa riba, wanakuja kuchukua godoro mchana majirani wakiona. Namba 2269 inasema wale ambao biashara zao za riba na tamaa zinaleta njaa na vifo kwa ndugu zao, wanafanya mauaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja, nayo yatahesabiwa juu yao. Mama mmoja wa kikundi cha VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, aliisoma, akairudia, akauliza kama kweli imeandikwa na Kanisa au ni ya padre. Imeandikwa, iko kwenye Katekisimu tangu ilipotolewa 1992. Wakajadili hadi saa moja na nusu mipaka iko wapi: riba ya kikundi inayorudi kwa wanakikundi wenyewe, na riba ya mtu anayejua kabisa kwamba huyu mjane hataweza na bado anamsainisha. Mazungumzo haya yalikuwa na akili kuliko vikao vingi vya fedha nilivyokaa.

Kuhusu adhabu ya kifo walitoa nusu saa tu. Tanzania bado inayo kwenye sheria kwa kosa la mauaji, ingawa haijamnyonga mtu tangu 1994. Papa Francis alibadili Katekisimu mwaka 2018, namba 2267, Kanisa sasa linasema haikubaliki. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapahapa Arusha, ilisema Novemba 2019 kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo bila kupima mazingira ya mtu kunakiuka haki ya kuishi. Wapo waliobisha kwa Mwanzo 9:6, amwagaye damu ya mwanadamu. Ubishi ulistahili jioni nzima. Niliondoka na maswali, na kijitabu kina ukurasa mmoja tu juu yake.

Jioni niliyoipenda kidogo kuliko zote ni ya utoaji mimba. Mafundisho yenyewe ni yale ambayo Kanisa limekuwa nayo siku zote, kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba, na mimi nayashika. Tatizo langu ni nani alisemwa. Saa nzima ni msichana. Msichana avae, msichana akatae, msichana asiende kwa yule nesi wa uchochoroni. Ukumbini tulikuwa wanaume wengi tu na hakuna aliyetutazama. Ninayoyaona kwenye gari ni tofauti. Namuona binti wa sekondari anasindikizwa stendi na mwanamume mwenye umri wa baba yake, anamlipia nauli, anamwekea noti kwenye mkono na kumwambia ukamalize hilo jambo. Namuona baba aliyesema ukija na mimba usikanyage kwangu. Hao ndio waliomwambia mwenye katapila abomoe. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, jambo ambalo lingesemwa pale lingempa mzazi mmoja sababu ya kutofukuza. Halikusemwa.

Kilichookoa jioni ile ni mama mmoja aliyejifunika kitenge, aliuliza kwa sauti ya chini kama aliyefanya zamani anaweza kurudi. Padre akamjibu moja kwa moja kwamba mwaka 2016 Papa Francis alimpa kila padre ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo, haihitaji kwenda kwa askofu, aje siku yoyote, hata leo. Akabaki ukumbini baada ya wote kuondoka, mlango wazi. Na Mwalimu alipofundisha juu ya wanaojiua, alifanya vilevile kwa upole: alisema Kanisa linafundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wao, kwamba Mungu ana njia anazozijua yeye, na kwamba familia iliyofiwa hivyo ipewe msiba wenye watu, wapikaji, na wimbo kama msiba mwingine wowote. Baba mmoja mbele yangu alivua kofia akainamisha kichwa. Mkifika hapo, chukueni leso.

Mambo ya ukumbi. Ulikuwa msimu wa mvua, na bati likipigwa husikii kitu. Kipaza sauti chao kinakoroma, kaeni mbele. Waandaaji waandike ndani ya kijitabu kwamba Wakatoliki na Walutheri tunaiita amri ya tano, na Waanglikana, Wasabato na ndugu wa Kipentekoste wanaihesabu ya sita, maana wageni wawili walipoteza muda wakidhani wamekosea jioni. Saa kumi na moja na nusu ni saa mbaya kwa madereva na wauza sokoni. Jumapili alasiri ingefaa zaidi.

Na kuna jambo la mlango. Jioni ile iliyojaa, Mwalimu alifundisha Kumbukumbu la Torati 22:8: ujengapo nyumba, weka ukuta kando ya dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka. Alisema uzembe nao una damu, na akataja Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 waliokufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako uwanja wa Majengo, waumini kama sisi. Nikageuka kuangalia mlango wa nyuma wa ule ukumbi. Umefungwa kwa kufuli, kufuli ya kutu, na mbele yake wamepanga viti vya plastiki hadi juu. Watu wote wale, mlango mmoja. Nikamwandikia mzee wa kamati kikaratasi. Alikisoma, akatoka, akarudi na kijana na nyundo, kwa sababu ufunguo haukuonekana, wakaivunja somo likiendelea, na Mwalimu akasubiri wamalize. Hadi semina inaisha ule mlango ulikuwa wazi na viti vimeondolewa. Ndiyo maana nawaamini hawa watu. Wakiambiwa, wanafanya.

Wameahidi kurudia Kwaresima ijayo, na padre amekubali kuweka barabara na namba 2269 jioni moja. Nimewaomba wawaalike wenye magari kwa barua, sio kwa tangazo la misa, kwa sababu wengi wao hawasali parokia ile. Kijitabu kinapatikana ofisi ya parokia siku za kazi, asubuhi. Mimi nilinunua viwili. Cha pili kiko kwa mwenye gari, ukurasa wenye namba 2269 nimeukunja. Amesema akishasoma tukae tuongelee hesabu.